Brauni za kung'ata zenye embe na pasheni ndani, chokoleti nje: jinsi ya kuzitengeneza zisivuje wala zisipasuke

Wapishi wenzangu, leo naandika hizi brauni, yaani keki nzito za chokoleti, ndogo ndogo za kung'ata mara mbili zikaisha, ndani zina jamu ya embe na pasheni, nje zimevikwa chokoleti. Nimeamua kuandika kwa urefu maana maelekezo mengi yanayozunguka yanaruka kitu kimoja ambacho ndo kinatuangusha sisi watu wa pwani, nacho ni maji. Tunda ni maji, chokoleti haitaki kabisa kukutana na maji, alafu hewa ya Dar yenyewe ina unyevu kibao na joto juu yake, kwa hiyo ukifuata maelekezo ya mtu ambaye jikoni kwake kuna joto la nyuzi 18 utafanya kila alichosema na bado brauni zako zitavuja, au gamba la chokoleti litapasuka, au kesho yake asubuhi utazikuta zimeota weupe juu kama zimemwagiwa vumbi. Kwa hiyo kila hatua hapa chini, kuanzia kupika jamu mpaka kutoa kwenye friji, ukiiangalia vizuri ina kazi ya kuzuia maji yasifike pale yasipotakiwa. Ukilielewa hilo hata ukibadilisha tunda utajua mwenyewe ufanye nini.

Gawa kazi mara mbili. Jioni unapika jamu na unaoka brauni, vyote vinalala. Kesho yake unaamka mapema jua halijapanda, unafinyanga, unaziacha friji zikaze, alafu unavika chokoleti. Mtu akitaka kumaliza yote siku moja atakutana na brauni ya moto na jamu laini, na hapo hamna kitu kitakaa.

Mahitaji (zinatoka kama 35 hivi)

Ya jamu: embe iliyosagwa gramu 200, juisi ya pasheni iliyochujwa gramu 70, sukari gramu 80, chumvi kidogo sana ya kubana na vidole viwili.

Ya brauni: chokoleti nyeusi gramu 200, siagi gramu 150, sukari gramu 200, mayai 3 makubwa, unga wa ngano gramu 90, kokoa ya unga gramu 30, chumvi nusu kijiko cha chai, vanila kijiko kimoja cha chai. Hatuweki hamira wala beking pauda, tusibishane.

Ya kuvika nje: chokoleti gramu 450. Haitaisha yote, lakini ukiwa na kidogo hutapata kina cha kuzamishia, utaishia kuzipaka paka na kijiko na zitakuwa na mabonde.

Naomba upime kwa mizani jamani. Vikombe vinadanganya, kikombe cha unga ulioshindiliwa na kikombe cha unga uliochekechwa ni vitu viwili tofauti kabisa, na brauni kwa sababu ina unga mdogo ukizidisha gramu 40 tu umeshapata keki kavu. Mizani midogo ya jikoni siku hizi inapatikana hata Kariakoo, na themometa ya jikoni ukiweza ipate pia, utaona faida yake kwenye chokoleti.

Jamu

Chagua dodo iliyoiva vizuri, au kama uko Unguja au una mtu wa kukuletea chukua boribo muyuni, nyama yake laini na harufu yake haipotei hata ikipikwa. Ukiwa na embe za kienyeji zenye nyuzi usizitupe, zina ladha kali nzuri, ila ukishasaga pitisha kwenye chujio ubonyeze na mwiko mpaka zibaki nyuzi tupu. Pasheni tafuta zile ambazo ngozi imeshajikunja, zile za kung'aa zinapendeza kwa macho lakini ndani zinakuwa chachu tu bila harufu. Tano au sita zinatosha. Kamulia kwenye chujio, zungusha na kijiko mpaka mbegu zibaki kavu. Kwa nini pasheni? Kwa sababu embe peke yake na sukari na chokoleti ni utamu juu ya utamu, mtu anakula moja anachoka, ule uchachu wa pasheni ndo unafanya mkono urudi kwenye sahani.

Weka vyote kwenye sufuria pana, sio ndefu, maana tunataka maji yaondoke na sufuria pana inatoa mvuke haraka. Moto mdogo. Koroga mara kwa mara, na dakika za mwisho usiondoke kabisa maana sukari ya embe inashika chini ghafla. Itachukua dakika 20 mpaka 25, inategemea na embe yenyewe ilikuwa na maji kiasi gani. Utajuaje imefika? Pitisha mwiko katikati ya sufuria, ukiona chini panabaki wazi kwa muda kidogo kabla jamu haijarudi kujifunika, uko karibu. Alafu weka tone kwenye kisahani ulichokitoa freeza, liache dakika moja, inamisha kisahani. Tone likitiririka bado, likitambaa taratibu sana au likisimama ndo penyewe. Mwenye themometa ni nyuzi 104 mpaka 105. Na kwenye mizani jamu yako itabaki kama gramu 185 kutoka zile 350 ulizoanza nazo, hiki ndo kipimo ninachokiamini kuliko vyote, pima sufuria tupu kabla ya kuanza alafu mwishoni toa uzito wake.

Sasa kuna watu watasema mbona mimi naweka konflawa inakuwa nzito ndani ya dakika tatu. Ni kweli inakuwa nzito, lakini hayo maji hayajaenda popote, yameshikwa tu. Ukigandisha jamu ya konflawa alafu ikayeyuka, ule wanga unayaachia, utaona imejitenga maji pembeni, na sisi hii jamu lazima tuigandishe ili iweze kufungwa ndani ya brauni. Hayo maji yakiachiwa ndani yanalowesha brauni, yanatafuta tundu kwenye gamba yanatoka, na siku ya pili unaona matone ya kunata chini ya kila kipande. Jamu iliyopikwa mpaka ikapunguka yenyewe haina tabia hiyo, sukari imeyashika maji yaliyobaki na ndo maana hata inakaa siku nyingi zaidi. Kwa hiyo konflawa kwenye keki ya kula leo leo sawa, hapa hapana.

Ikipoa kidogo mimina kwenye mfuko safi wa nailoni mzito, kata kona ndogo, kamulia vidoa vidoa kwenye karatasi ya kuokea, kila kimoja gramu 5, yaani kijiko cha chai ambacho hakijajaa. Weka freeza usiku kucha. Havitakuwa vigumu kama barafu, sukari haiviachi viwe hivyo, vitakuwa kama ubani wa kutafuna uliokaza, vinashikika na mkono bila kupaka. Hicho ndo tunachotaka.

Brauni

Hapa kidogo niseme kuhusu kokoa. Kokoa nyingi ya Tanzania inatoka Kyela kule Mbeya, na sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa mbegu, lakini siku hizi kuna watu wanasaga na kutengeneza chokoleti hapa hapa, ukibahatika kupata unga wa kokoa ya Kyela ambao haujachanganywa na sukari uchukue, una uchachu fulani wa matunda ambao unaendana sana na pasheni. Cha kuangalia ni kimoja, iwe kokoa tupu. Ile ya kunywa ya kwenye kopo yenye sukari na maziwa itakuvurugia vipimo vyote.

Na siagi iwe siagi ya maziwa. Majarini inafanya kazi kwa maana ya kwamba brauni itaiva, ila ladha unaisikia kwenye ulimi inabaki mafuta mafuta, na kitu kidogo hivi ambacho mtu anakula kwa kung'ata mara mbili hakina pa kuficha ladha mbaya.

Yeyusha chokoleti na siagi pamoja. Bakuli juu ya sufuria yenye maji kidogo yanayochemka taratibu, maji yasiguse kitako cha bakuli, na bakuli liwe pana kuliko sufuria ili mvuke usipande pembeni ukaingia. Ikiyeyuka toa, iache ipoe mpaka ukiweka kidole husikii moto. Weka sukari na vanila, koroga. Weka yai moja moja, koroga kwa mchapo wa mkono, ule wa waya wa kupigia mayai, mpaka mchanganyiko uwe unang'aa na kushikana, usiweke mashine ukaanza kuupiga upande hewa, kwenye keki ya kawaida hewa ni rafiki ila brauni hii tutaifinyanga, tunaitaka nzito. Chekechea unga, kokoa na chumvi humo, geuza na mwiko mpaka usione unga mweupe, basi, acha. Ukiendelea kukoroga unakuza ule mnato wa ngano na brauni inakuwa ya kutafuna kama chapati.

Mimina kwenye trei ya mraba ya sentimita 20 uliyoiwekea karatasi. Oveni nyuzi 175, kama ina feni weka 160. Dakika 22 anza kuangalia. Kijiti ukichoma katikati kitoke na chembe chembe zenye unyevu, sio uji, na pia sio kikavu. Kikitoka kikavu umeshachelewa, brauni inaendelea kuiva hata ikiwa nje kwa sababu ya joto lake.

Kwa wa jiko la mkaa, hii inawezekana kabisa na inatoka vizuri. Sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, ipashe moto dakika 15 hivi na mfuniko juu, alafu weka trei yako ndani, funika na mkaa uwe mwingi juu ya mfuniko kuliko chini. Watu wengi wanaweka moto sawa sawa au mwingi chini, matokeo yake kitako kinaungua katikati bado uji, na brauni kwa sababu ni nyeusi tayari huwezi kuona kwa macho kama imeungua, utasikia kwa harufu na hapo too late. Chini bakiza makaa machache tu. Angalia baada ya dakika 25, na usifunue funue kabla ya hapo.

Ikitoka iache ipoe kabisa kwenye trei, ifunge na ilale. Usiku ule unyevu wa katikati unasambaa mpaka pembeni, kesho ukiishika ni laini kote. Zile kingo kama zimekauka sana zikate, watoto wanajua kazi yake.

Kufinyanga

Asubuhi vunja vunja brauni yote kwenye bakuli, hata ule ugozi wa juu, kanda na mkono mpaka iwe donge moja kama unga wa chapati uliokandwa. Mikono iwe safi na mikavu, vaa glavu kama unauza. Ikiwa inamong'onyoka haishikani ina maana iliiva sana, ongeza maziwa mazito ya kopo yenye sukari kijiko kimoja cha chai, kanda, angalia, ongeza tena kama bado. Usiweke maji wala maziwa ya kawaida, tumeshaongea kuhusu maji.

Pima gramu 20 za brauni, zungusha kidonge, kibonyeze kiganjani kiwe kama kisahani chenye katikati nene kidogo kuliko pembeni. Toa vidoa vya jamu freeza vichache vichache, sio vyote, maana vikikaa nje dakika kumi kwenye joto vinaanza kunata. Weka kidoa katikati, kunja pembeni juu yake, bana mshono, zungusha mpaka usione mshono uko wapi. Ukuta uwe na unene sawa pande zote. Hapa usiwe na haraka kabisa, maana huu ukuta wa brauni ndo unaotenganisha jamu na chokoleti, pale palipo pembamba ndipo patakapovuja. Ukiona doa la njano limechungulia nje chukua kipande kidogo cha brauni ziba, alafu zungusha tena. Na kama jamu imepaka nje futa, kwa sababu chokoleti haishiki mahali penye utelezi, itakauka vizuri mbele ya macho yako alafu itabanduka.

Ukimaliza zipange kwenye trei, mshono chini, friji saa moja. Friji, sio freeza. Nasisitiza kwa sababu wengi wanapeleka freeza ili zikaze haraka. Kitu kilichoganda ukikivika chokoleti, gamba linakauka pale pale na linakuwa zuri, wewe unafurahi, alafu ndani kinapoanza kurudi kwenye joto la kawaida kinavimba kidogo na gamba halina pa kwenda, linapasuka. Ule mpasuko mwembamba ndo mlango wa jamu kutokea.

Chokoleti ya nje

Sasa kuna njia mbili na inabidi uchague kwa uaminifu kulingana na vifaa ulivyo navyo na hali ya hewa yako.

Ya kwanza ni kompaundi, ile chokoleti ya kupikia ambayo mafuta yake ni ya mimea mingine badala ya mafuta ya kokoa. Soma nyuma ya pakiti, ukiona mafuta ya mawese au mafuta ya mimea yametajwa mwanzoni mwanzoni ujue ndo hiyo. Inayeyushwa mpaka nyuzi 40 hivi, unazamisha, inakauka yenyewe inang'aa, haihitaji ufundi. Ladha yake sio sawa na chokoleti halisi, inachelewa kuyeyuka mdomoni na inaacha mafuta kwenye kaakaa, lakini kwa anayeanza, au mwenye oda ya vipande mia mbili vya kitchen party na hana AC, siwezi kumwambia asiitumie. Nunua tu iliyo nzuri, onja kabla.

Ya pili ni chokoleti halisi, yenye mafuta ya kokoa. Hii tamu sana, inavunjika kwa mlio ukiing'ata na inayeyuka yenyewe ulimini, lakini lazima uitempe, yaani uiyeyushe, uipooze, alafu uipashe tena kidogo kwa nyuzi maalum. Sababu ni kwamba mafuta ya kokoa yanaweza kuganda kwa maumbo tofauti tofauti na ni umbo moja tu ndo linang'aa na kuwa gumu, mengine yanakuwa laini na baada ya siku mbili tatu yanatoa ule weupe. Kutempa ni kuyalazimisha yote yagande kwa lile umbo zuri.

Usichanganye hizi mbili kwenye bakuli moja hata kama imebaki kidogo kidogo. Mafuta yao hayapatani, utapata kitu laini kisichokauka vizuri na kitaota weupe mapema.

Kutempa chokoleti nyeusi fanya hivi. Katakata zote 450 ndogo ndogo. Weka pembeni gramu 150. Hizo 300 yeyusha juu ya mvuke mpaka nyuzi 45 hadi 50, usizidishe. Toa bakuli, futa kitako chake na kitambaa kikavu kabla hujaligeuza popote, matone ya pale chini ndo yanaharibuga chokoleti za watu. Anza kuweka zile 150 kidogo kidogo huku unakoroga bila kuacha, ishuke mpaka 28. Alafu rudisha juu ya mvuke sekunde chache tu, ipande 31 mpaka 32, hapo ndo unafanyia kazi. Ya maziwa inashuka mpaka 27 na kufanyiwa kazi kwenye 29 hadi 30, nyeupe nyuzi moja chini ya hapo.

Umeona tatizo? Januari na Februari Dar mchana ni 32. Jiko lako lina joto lile lile ambalo chokoleti inatakiwa iwe nalo ikiwa imeyeyuka, sasa itagandaje? Ndo maana nilisema asubuhi mapema, au usiku, au chumba chenye AC kwenye 20 mpaka 22, na jiko la kuokea likiwa limezimwa kitambo. Na kama haishuki kufika 28 weka bakuli juu ya bakuli jingine lenye maji ya baridi ya kawaida, sio ya barafu, sekunde kumi kumi, unakoroga na kukwangua pembeni. Dirisha likiwa wazi na mvua inanyesha siku hiyo, ahirisha tu kama unaweza, hewa ikiwa nzito ya unyevu gamba linakauka na rangi iliyofifia.

Kujaribu kama imekubali, chovya ncha ya kisu, weka pembeni kwenye ubaridi. Ndani ya dakika tano iwe imekauka, inang'aa, haiachi alama ukiigusa. Ikiwa bado ina michirizi au inanata rudia kuipasha toka mwanzo, haijaharibika, chokoleti inaweza kutempwa tena na tena. Kinachoiharibu ni maji. Yakiingia hata matone machache inakunjana ghafla na kuwa kama tope kavu, na hiyo haitavika kitu tena siku hiyo, ipashe na maziwa au krimu iwe sosi ya kumwagia keki, alafu chukua nyingine.

Kuvika

Toa brauni kwenye friji dakika 10 mpaka 15 kabla, ziwe za ubaridi wa kawaida lakini sio za kutoa jasho. Ukiona zina unyevu juu pangusa taratibu na tishu kavu. Toa chache chache.

Kabla ya kuzamisha paka kila moja kitako chake na chokoleti kidogo sana kwa kidole, ilaze kwenye karatasi, iache ikauke. Huo ni msingi. Watu wanauruka huu kwa sababu unaongeza muda, ila kitako ndo kinabeba uzito wote na ndo kinakwanguliwa na uma, kwa hiyo mara nyingi gamba la chini ndo jembamba na uvujaji unaanzia huko. Baada ya hapo dondosha moja kwenye bakuli, ifunike na chokoleti, inyanyue kwa uma, gonga gonga uma kwenye ukingo wa bakuli mpaka chokoleti ya ziada ishuke na mawimbi yaishe juu, kwangua kitako kwenye ukingo, isukume itue kwenye karatasi. Ukiona uma umeacha tundu chini au kuna povu limepasuka juu pazibe hapo hapo na tone la chokoleti.

Ikiwa bado mbichi nyunyiza kitu juu, una kama dakika moja tu. Mimi napenda korosho za Mtwara zilizokaangwa na kupondwa, au punje mbili tatu za chumvi ya mawe, chumvi inaamsha pasheni ajabu. Nazi iliyokaangwa kavu mpaka hudhurungi pia inapendeza. Usiweke tunda bichi juu hata kwa ajili ya picha.

Kila baada ya muda koroga chokoleti ya kwenye bakuli na pima joto, ikishuka chini ya 30 inakuwa nzito na gamba linakuwa nene, irudishe kwenye mvuke sekunde chache. Iliyobaki mwisho itandaze kwenye karatasi ikauke, ihifadhi, utaitumia kwenye brauni zinazofuata.

Ukitaka tunda jingine

Mapera yanaiva haraka sana, yana ule utomvu unaogandisha jamu, dakika 12 tu inaweza kuwa tayari kwa hiyo usiizoee ratiba ya embe. Plamu za Lushoto zikiwa msimu wake ni nzuri mno kwa hii kazi, zina uchachu wake na ngozi inaleta rangi, chemsha na ngozi alafu chuja. Ukwaju na tende pamoja, hiyo huhitaji hata sukari nyingi na maji yake ni kidogo. Nanasi linataka muda mrefu na sukari zaidi kidogo, na lina nyuzi, lichuje. Zabibu za Dodoma maji mengi, punguza mpaka ibaki chini ya nusu. Tikiti achana nalo, halina mwili, utachemsha mpaka gesi iishe.

Kuhifadhi na kupeleka

Hizi zina tunda na mayai ndani, kwa hiyo nyumba yenye joto sio mahali pake. Friji, chombo chenye mfuniko unaobana, karatasi kati ya tabaka na tabaka, mbali na vitunguu na samaki maana chokoleti inavuta harufu. Siku nne tano ziko vizuri kabisa. Ukiuza mwambie mteja hivyo wazi wazi na umuandikie tarehe kwenye boksi.

Kupeleka kwa bodaboda mchana tumia kiboksi cha kuhifadhia baridi, vibarafu vikiwa vimezungushiwa taulo ili visigusane na boksi la brauni, na boksi lenyewe lifunge kwanza kwenye nailoni. Mafuta ya kokoa yanalainika kuanzia kama nyuzi 30 na kwenye 34 yameyeyuka kabisa, kwa hiyo dakika 40 kwenye foleni ya Ubungo juani bila ubaridi zinatosha kukuharibia kazi ya siku mbili. Oda ya mbali panga iende asubuhi, au mwambie mteja afate mwenyewe.

Freeza zinakaa mwezi zikiwa zimefungwa vizuri, ila usizitoe freeza ukaziweka mezani moja kwa moja. Hamishia friji kwanza usiku mmoja, zikiwa bado kwenye chombo chake kilichofungwa. Siku ya kula toa chombo friji, kiweke mezani kikiwa kimefungwa hivyo hivyo kama nusu saa. Utaona jasho linajikusanya nje ya chombo, hilo jasho kama ungekuwa umefungua lingetua juu ya chokoleti, likayeyusha sukari na kuacha madoa ya weupe wa kukwaruza. Nje ya chombo kukikauka fungua, panga kwenye sahani, na jamu itakuwa imeshalainika vya kutosha kujimimina kidogo mtu akiing'ata.